Tabaka la Pili

"Mbili," mama alimwambia daktari. "Naona mbilimbili."
Na mkalimani wa kwenye simu, sauti ya mtu anayetafuna,
akatafsiri: mgonjwa anaona mambo mawili.
Mambo gani? daktari akauliza.
Mama akanigeukia, akawageukia wanawe wawili,
na sote wawili tulikuwa kimya.

Milton Keynes, Februari, mji wa vipilefti.
Basi linazunguka, linanyooka, linazunguka tena,
na mama, paji la uso kwenye kioo cha baridi, anahesabu.
"Hiki kimoja au viwili?"
Kimoja, mama.
"Basi mimi nimeongezewa."

Usiku nikafungua kompyuta.
Kazi yangu ni picha: maharusi,
watoto wa shule wenye mapengo,
nyumba za kuuzwa ambazo mawingu yake nayafuta
naweka samawati isiyokuwapo.
Nikachukua picha ya jikoni kwetu:
birika, vikombe, mimi kwenye kiti cha dirishani.
Nikalinakili tabaka. Nikaitandika nakala juu ya asili
kama shuka juu ya shuka,
nikaipunguza uzito hadi nusu,
nikaikokota kidogo kulia.
Nikatokea na pua mbili.

"Ni hivi?"

Mama akavuta kiti. Akaziba jicho moja kwa kiganja,
maana bila hivyo angetuona wanne.
"Siyo hivyo, we Hilali. Huyo wa pili hakai kando tu,
amepanda, kama anayechungulia ukuta."
Nikampandisha pikseli thelathini.
"Mlaze." Nikamlaza nyuzi nne.
"Sasa mfifishe. Siyo sana! Usimuue."
Asilimia arobaini. Thelathini na tano.
"Mtie ukungu, kama kioo cha bafuni ukimaliza kuoga."
Nikamtia.
"Si wa kutanda. Wa kwenda juu."

Saa saba za usiku. Hita ikigongagonga mifupa yake.
Mama, ndani ya sweta la marehemu baba,
ananiamrisha kama anavyoamrisha chumvi:
kidogo, kidogo, ongeza, bado,

basi. "Hapo hapo. Usiguse."

Nikakitazama kitu alichokuwa akiishi nacho
tangu kiharusi kimpitie
kama mtu aliyekosea mlango:
mabirika mawili yanayomimina hewani,
meza yenye kingo za uongo,
na mimi, na juu yangu mimi, mwepesi,
mabega yake yakianza kumwagika.
Wiki tatu nzima nimekuwa nikimwambia:
mama, si uangalie unapokanyaga!

Nikaichapa kwenye karatasi ya kung'aa.
Daktari Pemberton aliishika muda mrefu,
akainamisha kichwa upande uleule
ambao mama amekuwa akiinamisha,
nami nilidhani ni uchovu wa shingo.
"Aa," akasema.
Simu ya mkalimani ilikuwa mezani, haijapigwa.

Sasa miwani yake imebandikwa utando wa mistari myembamba
na dunia imerudi kuwa moja. Vipilefti vimepungua.
Chai inaingia kikombeni.
Mshika mawili, husema mwenyewe akicheka,
moja humponyoka; mie limeniponyoka la bandia.

Jana nilikuwa nafuta mafaili ya zamani, nafasi imejaa.
"Hilo liache," mama akasema, mikono kwenye povu,
bila kugeuka, sijui alijuaje ni lipi.
Nikamwambia, umepona, la nini tena?
Akasuuza kikombe. Akakisuuza tena.
"Wewe ukisema naondoka,
unaondoka na koti na funguo zako.
Yule alikuwa akibaki kidogo mlangoni."